Ukuta wa Upande wa Mvua

Shemeji Masanja,

Najua ungecheka kuniona nimeshika kalamu. Ulizoea kusema mke wako mdogo kajaliwa mdomo, kalamu ya nini. Haya, mdomo sasa hauna pa kwenda. Niliyekuwa namtania hayupo, na dada siwezi kumtania, nikianza tu machozi yanamtoka. Kwa hiyo nimesukuma nguo za watu pembeni, nimekaa hapa kwenye cherehani yangu, nakuandikia.

Tulikuzika vizuri. Ndugu zako walikuja na lori kutoka Kasansa, Mayu, mama yako, amekaa mbele na dereva. Zile kofia zako mbili za kampeni, ulizokuwa unavaa kwa zamu usije ukagombana na mtu, mwanao mkubwa kachukua moja na mdogo kachukua ya chama cha pili. Nyumba yako sasa ina vyama vingi, na wanapigana kweli.

Lakini nataka kukueleza habari za ukuta.

Unakumbuka ulivyotusumbua na ukuta ule. Kila masika mvua ilikuwa inautafuna, tofali mbichi zinamomonyoka, na kila kiangazi dada anakandika upya. Mpaka ukaenda kule misheni kujifunza kutengeneza vibao vya saruji na katani. Ukarudi na kalibu lako la mbao, ukawa unakata nyuzi za katani kama mtu anayekata mboga, unachanganya na mchanga na saruji iliyoshuka na treni, unamwaga, unafunika na magunia, unamwagilia asubuhi na jioni. Mimi nikipita nakuuliza kama mikate imeiva. Unanijibu, "Mke mdogo, usiguse, bado inakunywa."

Halafu ukaanza kuvipachika. Ulipigilia papi, zile mbao nyembamba, ukutani kwanza, kisha vibao juu yake, kuanzia chini kwenda juu, kila kibao kikimlalia mwenzake wa chini kama magamba ya samaki. Kila tundu la msumari ulilitoboa kwanza kwa keekee, maana kibao hakitaki ubabe. Nyuma ya vibao ukaacha nafasi, na chini kabisa ukaacha wazi. Nikakuuliza unawajengea panya korido? Ukasema, "Ukuta nao una mapafu."

Ulifika usawa wa dirisha. Homa ikakushika. Siku ile ulipotoka kwenda hospitali ulisema utamalizia ukirudi, nami nikakujibu ukichelewa nitamalizia mwenyewe. Tulikuwa tunataniana tu, shemeji.

Matanga yalipoondolewa ndugu zako walirudi Kasansa, Mayu akabaki na dada. Unamjua mama yako, mikono yake haijui kukaa bure. Asubuhi moja mimi na dada tulikwenda mashineni kusaga. Tuliporudi tulimkuta ananawa. Alikuwa amekanda udongo na samadi, vile wanavyokandika kwao, akaushindilia wote nyuma ya vibao vyako kutokea juu, na uwazi wa chini akauziba na kuulainisha vizuri kwa kiganja. "Nimemzibia mwanangu nyumba," alisema, "nyoka wasije wakawaingilia watoto." Alikuwa anatabasamu. Tangu tukuzike hatukuwa tumeyaona meno yake.

Nani angemwambia? Dada ni mkwewe, hakuinua hata macho. Na mimi, pamoja na mdomo huu, nikasema, "Ahsante Mayu, umefanya kazi."

Mvua za kwanza zikaja. Maji yakaingilia juu, pale palipobaki wazi, yakalowesha ule udongo, na hayakuwa na pa kutokea. Vibao vikaanza kusukumwa nje kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ndani, chumbani kwa watoto, ukuta ukatoa jasho, kisha doa, kisha ukibonyeza tofali kidole kinazama. Mayu naye akaona. Akasema nyumba imekataa kusimama bila mwenyewe, itawaangukia wajukuu zake. Lori la Kasansa likija atakwenda nao.

Akaanza kufunga nguo zao kwenye kanga. Dada akamsaidia kufunga. Hakubisha, hakulia, alikuwa anakunja vishati tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwona dada yangu amekaa kwenye nyumba ile peke yake, hata mtu wa kumgombeza kwa kumwaga maji hayupo, nikajua tutamzika naye.

Nikafunga cherehani. Nikachukua keekee yako na nyundo, nikaenda. Nikamwambia Mayu, naomba unishikie mwisho wa kibao, nataka kukitoa. Akashika. Kilipotoka, nyuma yake udongo ulikuwa uji. Mayu akatia mkono, ukazama mpaka kwenye tofali, na tofali lenyewe likamegeka. Akabaki anauangalia ule mkono.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Nyumba ya mwanangu nimeinywesha maji mimi."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, shemeji, nimeyapanga njia nzima. Yote yalipotea. Nikamwambia, "Mayu, hata mwanao alipoanza kujifunza aliziba hivi hivi. Mwalimu wake akamkemea mbele za watu." Uongo mtupu. Nimekusingizia, na huwezi kunishitaki.

Alinitazama sana. Kisha akacheka na machozi yanatoka. "Yule alikuwa mbishi," akasema, "wala hunishangazi." Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuuchokoa ule udongo kwa vidole kama anayefukua viazi. Dada akatoka na karai. Hakuna aliyemwita.

Jua likatuhurumia, likawaka. Tukauacha ukuta ukauke, tukaziba tofali zilizolika, tukavirudisha vibao. Nilipima kwa futikamba na chaki yangu ya nguo, nafuata vile ulivyokuwa unalaza. Viwili vilipasuka kwa haraka zangu. Vile vya juu ya dirisha alipanda ngazi dada mwenyewe, Mayu anamshikilia miguu na kumsomea dua za Kisukuma. Mstari wa juu kabisa umekwenda upande kidogo. Ukitokea barabarani unauona. Usije ukanitokea ndotoni kunisema.

Juzi ilinyesha ile mvua yenyewe, ya kupiga ubavuni, tangu asubuhi mpaka alasiri. Ilipokatika Mayu aliingia chumbani kwa watoto akaweka kiganja ukutani. Akaenda nao mdogo mdogo, toka mlangoni mpaka pembeni, kama unavyompima mtoto homa. Akakigeuza kiganja akakitazama, kikavu. Mimi na dada tulikuwa mlangoni, tunamtazama.

Jana lori likapiga honi. Mafurushi yalikuwa tayari ukumbini. Mayu akainama kwenye lile la watoto, akalifungua fundo kwa meno maana dada alikuwa amelikaza, akavitoa vishati, akavitundika kimoja kimoja kwenye misumari yake. Kisha akajitwika la kwake, akamwambia dada, "Uwalee hapa," akatoka.

Basi, shemeji, pumzika. Kila kabla ya masika nitapita kuugonga ukuta na kukaza panapolegea, na wanao wakikua nitawafundisha keekee. Dada nimeshaanza kumtania, pole pole. Leo nimemwita bosi wa vibao, akanirushia ndala ikanipata ya uso. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, halafu akaniuliza nimeumia.

Mke wako mdogo,
Kalunde