Ngwe ya Sita

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mwenzako, naomba msaada wako kabla ya tarehe moja kwa sababu nimefanya jambo la aibu ndani ya nyumba yangu na sina wa kumwambia, mume wangu Bashiru yuko safarini na lori la viazi, na majirani ndio hao walionichochea.

Mimi ni mtu wa Kondoa, nimeolewa hapa Makambako, tunakaa Lyamkena, na tangu biashara ziachiwe huru Mungu ametujalia, tumejenga nyumba ya sakafu ya saruji tunayoipaka nta nyekundu, lakini Makambako unaijua, upepo unaamka kabla ya watu, ukifagia asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu ya kabati. Nimepitisha wasichana wa kazi watatu wa kulala hapa hapa, kila mmoja kwa elfu moja na mia tano kwa mwezi, na wote waliondoka bila kuaga, mpaka akaja Fidelia.

Fidelia anatoka Wanging'ombe, ni binti wa Kilutheri wa miaka ishirini na kitu, amepanga chumba chake wala hakai kwangu, na siku ya kwanza alibisha hodi, "Kamwene, Mama Halfan," akiwa na ndoo yake, kipande cha blanketi cha kusugulia na mwanzi wa shubiri tano, nikamuuliza mwanzi wa nini, akasema ni wa kupimia kazi, kwao kibarua hupimiwa ngwe shambani na hulipwa kwa ngwe, na haoni kwa nini nyumba iwe tofauti. Akapima kutoka barazani hadi chumba cha mwisho, mianzi mitatu ngwe moja, ngwe moja shilingi hamsini, nyumba yangu ikatoka ngwe sita, siku tatu kwa wiki. Nilipomwambia tusihesabiane kwa sababu kwangu atakula na atakuwa kama mwanangu, akanijibu kwa upole, "Mwanao yuko shule, Mama. Mimi nimekuja kazini."

Mshauri, nisiseme uongo, kazi kama ile sijapata kuiona, meza anaihamisha badala ya kuizunguka, pembe za ukuta anazifuata kwa kijiti, na akimaliza kusugua naona miguu ya viti mara mbili, ya juu na ya ndani ya sakafu. Kila tarehe moja anapima upya, na mwezi wa nne Bashiru alipojaza magunia ya maharage chumba cha nyuma, ni yeye mwenyewe aliyesema zimebaki ngwe tano akapunguza hela mpaka magunia yalipouzwa, mimi hata sikuwa nimefikiria.

Sasa wenzangu wa upatu wakajua kwamba inafika karibu elfu nne kwa mwezi, na Rukaya, ndiye anayetuongoza, akasema ninawaharibia, kesho wasichana wao nao watakuja na mianzi, nishushe hela au nitoke kwenye upatu, na zamu yangu ya kupokea ndiyo inafuata. Nikaogopa. Mwanzi wake huwa anauacha nyuma ya mlango wa jikoni, nikakata mwingine unaofanana nao, wa shubiri sita, nikauweka pale pale na wake nikauficha chini ya kitanda.

Tarehe moja ya mwezi huu akauchukua, akaushika kidogo, akanitazama, kisha akapima nyumba yote ikatoka tano, akainua ndoo yake akaanza kazi. Alipoondoka nikaingia sebuleni nikakuta sakafu inawaka kote, isipokuwa kipande kimoja chini ya dirisha, ukuta hadi ukuta, vumbi lake halijaguswa na mpaka wake umenyooka kama umepigwa kamba. Nikamkimbilia njiani nikamuuliza mbona ameruka pale. "Sikuruka, Mama. Tumehesabu tano, nimefanya tano. Mwezi ujao nitapima tena, labda nyumba itakuwa imerefuka."

Jioni ile wanawake wa upatu walikuwa kwangu, wakaliona lile vumbi, wakasema ni kiburi, nimfukuze, na Rukaya wakati wa kutoka akaniuliza huyo binti amepanga wapi. Kesho yake nilikisafisha kile kipande mwenyewe, asubuhi nzima, magoti yakavimba na bado rangi haifanani, nikatandika mkeka juu yake. Je, nimfukuze nibaki na wenzangu, au nimbakize nipoteze zamu yangu? Yule binti nampenda, na siku hizi nashindwa kumtazama usoni.

Mimi mwenye mkeka, Lyamkena.

*

Mama wa Mkeka,

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, kwa hiyo pumua. Barua yako imenichekesha, kisha imenitia huruma, kisha imenikasirisha, na hasira ndiyo iliyobaki nilipochukua kalamu.

Wewe ni mke wa msafirisha viazi. Lumbesa unaijua: gunia linalojazwa mpaka likaota kichwa, halafu mkulima analipwa gunia moja. Huo mwanzi wako wa shubiri sita ni lumbesa, ndugu yangu, na umemjazia binti wa wakulima. Ulidhani hataujua? Aliujua ulipogusa kiganja chake.

Na tazama alichofanya. Mtu wa kulipiza angepunguza kidogo kila chumba, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, na mpaka leo ungekuwa unamsifu. Yeye pungufu lote amelikusanya mahali pamoja, tena penye mwanga wa dirisha, ili ulione. Nimefanya kazi hii ya kusoma barua za watu miaka kumi na moja, na uaminifu wa namna hiyo nimeuona mara chache sana. Nakuonea wivu kwa kuwa naye.

Wenzako wanasema hamsini kwa ngwe ni nyingi. Umefanya ngwe moja kwa mikono yako, asubuhi nzima, na magoti yakavimba. Ungeikubali hamsini? Basi jibu unalo. Wale watatu wa elfu moja na mia tano uliwapa kazi isiyo na mwanzo wala mwisho, ukaiita malezi, na ndiyo maana hawakuaga.

Kuhusu Rukaya, amka. Mtu haulizi bure alipopanga msichana anayetaka umfukuze. Ukimfukuza Fidelia leo, kesho utapita kwa Rukaya uone miguu ya viti vyake mara mbili.

Sasa fanya hivi. Mwanzi wake utoe chini ya kitanda, umkabidhi mkononi, na useme kwa mdomo wako kwamba ulikata mwingine. Usimwachie mlangoni ukajifanya umejirudisha wenyewe. Ngwe ya sita ya mwezi huu usimlipe, hakuifanya na sidhani kama ataipokea. Kuanzia tarehe moja mpimie sita na umlipe sita, na miezi ya upepo mkali mwongezee bila kungoja aseme, kwa sababu vumbi la Agosti si la Machi. Chai mpe kwa kuwa imemkuta kwako, usiikate kwenye hela yake. Kanga ukitaka kumpa siku ya sikukuu mpe, nayo isihesabiwe.

Wenzako wa upatu waambie bei yako kwa sauti, wote wakiwa wamekaa. Wakikutoa, wakurudishie ulichochanga; si chao. Lakini nadhani watakuwa wanatafuta mianzi.

Na tarehe moja asubuhi, kabla hajabisha hodi, mkeka huo uondoe. Aione ngwe uliyoifanya wewe.