Joho la Patriki

Kilvarra, Mayo, Ireland
22 Februari 1998

Mpendwa Mama Delia,

Hujambo huko Leeds? Goti linasemaje? Natumaini wifi Imelda hakunyimi sigara yako ya jioni. Sisi tu wazima, ila Muirne ana mafua na kamasi anazifutia kwenye sketi yangu. Ningepiga simu, lakini ulisema iko sebuleni na Imelda ana masikio.

Mama, mwanao alikuja jana. Tangu Krismasi, alipobeba nguo zake akahamia kwa Orla mwalimu wa dansi, hakuwahi kugonga mlango huu. Jana kagonga, ananukia sabuni nisiyoijua.

"Nimefuata joho," akasema.

"Joho gani?"

"Usinichezee, Assumpta. Joho la Patriki. Sikukuu ya Mtakatifu Patriki inakaribia, na Patriki wa gwaride ni mimi, kama alivyokuwa baba."

Kisha akaongeza, bila haya, kwamba watoto watapanda trela nyuma ya farasi wake. Orla atakaa katikati akipiga kinubi, Fiachra na Muirne wakae miguuni pake. Kamati imeshakubali. Wanangu, Mama, miguuni pa yule, mji mzima ukiangalia!

Nikamwambia joho sijui liliko, nikafunga mlango. Liko darini. Kwa kuwa ulilishona wewe, nakuuliza wewe: nifanye nini?

Mkaza mwanao,
Assumpta


Leeds
2 Machi 1998

Mwanangu Assumpta,

Nimefurahi kupata habari zako. Goti ni la mzee, halina habari mpya. Mpake Muirne mafuta ya kifua, na umvalishe soksi za sufu.

Sasa sikiliza. Joho lile nililishona majira ya baridi mazima, msalaba wa dhahabu nikaudarizi kwa mkono. Marehemu mume wangu alilivaa akiwa mtu mwenye mke mmoja na neno moja. Colman nimemzaa, nimemnyonyesha, na ndimi ninayesema: halivai. Likate.

Usimwonye. Mwache aje asubuhi ya sikukuu, farasi ameshatandikwa, hana pa kukimbilia. Nataka aone uchi aliouacha nyumbani kwako.

Na huyo Orla asikutishe. Bibi yake namjua. Ukoo ule wanacheza vizuri kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mahali pamoja.

Mamako,
Delia


Kilvarra
12 Machi 1998

Mama Delia mpendwa,

Salamu nyingi. Mafuta yamesaidia, Muirne amepona. U hali gani wewe?

Nimelikata. Kitambaa kilikuwa kizito, mkasi ukawa unalia, na kila ulipolia mimi nikasikia raha. Sikutegemea raha ile. Nilidhani nitatetemeka.

Ila sikulitupa. Nimetoa majoho mawili madogo, moja la Fiachra na moja la Muirne. Msalaba nimempa Fiachra, kwani ana miaka saba na kifua kinatosha. Watoto wa shule hutangulia gwaride; basi wanangu ndio watakuwa Patriki, mbele ya kila mtu, mbele ya baba yao. Orla abaki na trela na kinubi chake.

Jikoni kwangu sasa ni kijani tupu. Tumetengeneza nyoka wa karatasi, wale ambao Patriki aliwafukuza nchini, tumewapaka rangi, na paka naye kapakwa. Fiachra anagonga fimbo sakafuni: "Tokeni Ireland, nyoka nyie!" Muirne anawavuta kwa kamba huku akiwatetea: "Huyu asitoke, huyu ni mtoto."

Jana Fiachra aliniuliza, "Baba atavaa nini?"

Nikamjibu, "Baba ana nguo nyingi kwa Orla."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye rangi zake.

Mkaza mwanao,
Assumpta


Kilvarra
20 Machi 1998

Mama Delia,

Natumaini u mzima. Wawili kati yetu ni wazima, wa tatu hapana. Nitakueleza.

Asubuhi nilipika uji nikautia rangi ya kijani, nikawabandika watoto majani ya shamroki, alama ya sikukuu, kifuani. Colman akafika akihema. Nikamfungulia mlango mpana, watoto wakiwa nyuma yangu wameshavaa.

Alitazama msalaba kwenye kifua cha Fiachra muda mrefu.

"Hilo ni la baba yangu," akasema.

"Ni la mama yako. Naye kasema likatwe."

Akabadilika rangi. Hakutukana, akaondoka. Mama, sikudanganyi: nilikunywa chai yangu taratibu, na tangu Krismasi sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Alitokea kwenye gwaride juu ya farasi kavaa pazia la Orla, la kijani, pete za kulitundikia bado zikining'inia. Mji ukampokea! Tuohy wa buchani akaanza: "Patriki, dirisha umeliacha na nini?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, amehama nyumba hajapata kabati!" Watu wakashika mbavu. Orla kwenye trela akainamisha kichwa, kinubi kikanyamaza. Nami nilicheka, Mama. Nilicheka kwa sauti ili anisikie, akanisikia.

Muirne alikuwa mbele na nyoka zake, hana habari. Fiachra ndiye aliyegeuka. Alimwona baba yake pale juu, amekaza taya, macho yamejaa maji. Akatoka kwenye mstari akamwendea Tuohy, akampiga fimbo ya goti kwa nguvu zake zote. "Usimcheke baba yangu!" Alikuwa analia, kamasi zinashuka hadi kwenye msalaba. Tuohy akaacha kucheka. Watu wote wakaacha. Colman akashuka, akamnyanyua mwanawe, akaingia naye uchochoroni na pazia lake likiburutika matopeni.

Alimrudisha kabla ya chakula. Nilikuwa nimechemsha nyama ya nguruwe na kabichi, Fiachra hakugusa. Hadi leo anasema nami "ndiyo" na "hapana" tu. Nilipomwuliza ana nini, akasema, "Wewe ulicheka kuliko wote."

Niandikie. Niambie tulifanya sawa.

Mkaza mwanao,
Assumpta


Leeds
29 Machi 1998

Assumpta,

Nimepokea barua. Mimi sijambo.

Colman alinipigia simu. Alisema "Mama," halafu akashindwa kuendelea. Nikakata. Najua kukata simu, na kulala baada yake najua pia.

Unataka nikuambie tulifanya sawa. Nilikuambia ukate joho. Ulikata, na ulikata vizuri. Sikukuambia uwavalishe watoto. Kisasi ni cha watu wazima, binti, hakipunguzwi kikamtosha mtoto wa miaka saba. Fimbo ile Fiachra alimpigia Tuohy kwa sababu wewe hakuweza kukupiga.

Simlegezei Colman. Mlango wangu hauoni mpaka akuombe radhi mbele ya mji ule ule. Lakini wewe nawe una mtu wa kumwomba, na yupo humo humo ndani.

Mamako bado,
Delia


Kilvarra
7 Aprili 1998

Mama Delia,

Habari za huko? Huku mvua, na goti lako nadhani limeshakuambia.

Barua yako niliitia motoni kwa hasira. Kesho yake nikawa naikumbuka neno kwa neno, kwa hiyo moto haukusaidia.

Nilikaa na Fiachra kitandani kwake. Nikamwambia nilicheka kwa sababu niliumia, na kwamba nilimtuma yeye kazi iliyokuwa yangu, na nasikitika.

"Baba alikukosea?" akauliza.

"Sana."

"Basi umwambie mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Mimi nisiwepo."

"Hutakuwepo."

Akaniomba maji ya kunywa. Ndilo jambo la kwanza kuniomba tangu sikukuu, nikaenda kuyaleta mbio kama mtu aliyeitwa na askofu.

Jumapili Colman atawachukua wote wawili, nimekubali. Watakula kwa Orla, na wakirudi sitawauliza walikula nini.

Lakini usinielewe vibaya, Mama. Simsamehe. Siku ile ingerudi, wanangu ningewaacha nyumbani na uji wao wa kijani, niende peke yangu kusimama pembeni mwa bucha, nicheke hadi sauti inikauke.

Mkaza mwanao,
Assumpta