Vijiti vya Siku Kumi na Moja

2 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo lina maneno yake. Miezi minne hujakanyaga hapa, na chuo ni nusu siku tu kwa basi. Eti unaandika historia ya chuo. Chuo kina miguu? Kinakimbilia wapi? Unakula lakini? Na marehemu baba yako, aliyewapimia mvua miaka thelathini na moja, yumo kitabuni? Nijibu, tena si mistari miwili.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Nakula. Baba yumo, ila kuna tatizo. Kitabu kinajivunia kwamba chuo hakijakosa kupima mvua hata siku moja tangu kifunguliwe. Sasa profesa wa hali ya hewa amekuta kwenye daftari la Baba siku kumi na moja zenye mwandiko wa ovyo, na vijiti vimechorwa pembeni. Anasema Baba alizembea, akamwachia mtoto daftari achezee. Anataka siku hizo zifutwe na sababu iandikwe. Kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa tarehe ishirini na tano. Unakumbuka chochote?

Mwanao

14 Machi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Mtoto gani? Mtoto ulikuwa wewe, nimekubeba mgongoni!

Baba yako alilazwa na homa siku kumi na moja. Wangejua, kibarua kingeota nyasi. Wakati huo tulikaa nyumba za chuo, basi kila asubuhi saa tatu nilikwenda mimi, nikamimina maji ya mvua kwenye bilauri yao yenye alama, nikasoma. Darasa la pili ndiyo elimu yangu, namba nilikuwa naziogopa. Basi kila nikiandika namba, pembeni nachora vijiti, kimoja kwa kila alama, nisije nikamharibia mwenzangu. Kuna siku nilichora mpaka mkono ukafa ganzi, na wewe unanivuta nywele.

Mwambie profesa ahesabu vijiti. Hesabu ya chekechea hiyo! Wasomi wote hao, hakuna aliyehesabu? Akitaka kumsema mtu, na aniseme mimi. Nipo hai, nitamjibu.

Mama yako

28 Machi

Binti,

Kimya. Tarehe ishirini na tano imepita. Kama mmemwandika mzembe, hicho kitabu usiniletee. Wewe njoo tu.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Nisamehe. Kitabu kilicheleweshwa kwa ajili yako. Profesa kahesabu mwenyewe mara tatu, kwa ncha ya kalamu. Siku kumi, namba na vijiti sawasawa. Siku ya tano umeandika 41, vijiti 14. Akalinganisha na kituo cha jirani: vijiti ndivyo vya kweli. Hakuna siku iliyofutwa. Ukurasa wako umepigwa picha, chini yake: “Mpima mvua alipougua, alipima mkewe.”

Mwanao

11 Aprili

Binti yangu,

Kitabu kimefika. Kwa posta! Mwandiko ule mngeniomba niurudie vizuri, sasa dunia nzima inaiona arobaini na moja yangu. Baba yako aliiona siku aliyotoka hospitali. Nikataka kuifuta, akanishika mkono: “Iache, vijiti vinajua.” Nimempelekea jirani picha, nimeirudisha, nimempelekea tena.

Goti halijapona. Hapa chini nimechora kijiti kwa kila siku ambayo hujaja. Karatasi imeniishia, nimegeuza nyuma.

Hesabu mwenyewe.

Mama yako