Pigo la Tano la Mzee Andongwisye

Mpendwa Mama Kisa, mshauri wetu,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, na jina langu lichapishe lote, maana sina cha kuficha. Mimi ni Teodora, mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa Muleba, huu ni mwaka wangu wa nne tangu nihamishiwe Kyela, nafundisha huku Katumba Songwe na ni katibu wa kwaya ya usharika wetu. Nina hasira, Mama Kisa. Siku hizi nikiandika ubaoni chaki inanivunjikia mkononi.

Kwaya yetu ina mzee mmoja, Mzee Andongwisye, mkulima wa mpunga na kokoa, ndiye mtunzi wa karibu nyimbo zetu zote, kumi na tisa nimezihesabu, na zote kaziandika kwa penseli kwenye kaunta buku moja ambalo lilishalowa mafuriko likakaushwa juani, kurasa zimevimba, nyingine ukizigusa zinakatika. Ameandika kwa solfa, zile herufi za do re mi. Nikaona huruma, nikasema nyimbo hizi zitapotea, nikajitolea mwenyewe bila kutumwa na mtu kuziingiza kwenye kompyuta yangu. Natumia programu ambayo nota huzichori kwa kipanya, unaandika herufi na alama kama unaandika barua, kisha unaiamuru na yenyewe inakuchorea ukurasa safi. Si kazi ya mchezo! Ukisahau kufunga mabano mstari wa kumi, inalalamika mstari wa mia na arobaini, unabaki unatafuta kosa mahali ambapo halipo. Maneno ya Kinyakyusa ni marefu, silabi zikawa zinapandana kama abiria, nikajifunza kuzitenganisha moja moja. Wazee wetu hawasomi nota za mistari mitano, wanataka solfa yao, na programu yenyewe haina solfa, basi nikakaa wiki tatu za likizo naandika amri zangu mwenyewe mpaka herufi zikatokea chini ya kila nota, zimenyooka. Nililia kwa furaha, nakwambia ukweli.

Ndipo nikafika kwenye wimbo wa kusindikiza maiti. Kila nikiiamuru programu iuchore, inanipa onyo kwamba kipimo cha saba hakilingani. Kipimo ni kile kisanduku kati ya mistari miwili ya wima, na wimbo huu una mapigo manne kila kipimo, mwanzo hadi mwisho. Nikarudi kwenye daftari, nikahesabu kwa kidole, kumbe hapo mzee kaweka matano, nota moja ameivuta pigo moja zaidi, na kosa hilo kalirudia beti zote nne, kipimo kilekile cha saba! Nikamwonyesha mwenyekiti wa kwaya, Gwamaka, akakitazama kioo cha kompyuta kwa muda, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye msomi, sisi tutajua nini? Rekebisha." Nikarekebisha. Nikaliondoa pigo la tano, onyo likatoweka, ukurasa ukakaa vizuri, nikatoa nakala arobaini.

Mazoezini wakawa wanakosea palepale. Asifiwe, kiongozi wa sauti ya kwanza, akaniambia, "Madam, hapo huwa tunasubiri kidogo." Nikamuuliza, "Tunasubiri nini?" Akasema, "Hata sijui, ndivyo tunavyoimba." Nikamwambia karatasi haina kusubiri. Nikagonga meza kwa rula wiki mbili nzima, moja mbili tatu nne, mpaka wakanyooka.

Basi akafariki mzee Hezroni, jirani yetu. Ilikuwa kipindi cha mvua, gari lililoleta mwili likakwama barabarani, ikabidi jeneza libebwe mabegani kupita migombani hadi nyumbani, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, wanaume sita wamebeba na sisi nyuma tunaimba kwa karatasi zangu mpya. Tulipofika kipimo cha saba, wa nyuma walibadilisha bega na wa mbele wakawa bado, jeneza likainama, kona yake ikagonga mti wa kokoa, mjane akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia. Mungu alisaidia halikudondoka. Mzee Andongwisye, ambaye anaumwa moyo na anatembea kwa fimbo, akatoka kwenye msafara, akaninyang'anya karatasi mbele ya msiba mzima, akasema kwa sauti, "Nani amekula pigo langu? Hapo ndipo wanabadilisha bega! Wewe mama umetumwa?" Halafu akaikunja karatasi, akaitia topeni, akasema, "Siku nikifa mimi, karatasi hii isilisogelee jeneza langu."

Mama Kisa, mimi ningejuaje? Katika daftari lote hakuna palipoandikwa kwamba hapa watu wabadilishe bega! Mimi ni mwanamke, jeneza sijawahi kulibeba. Gwamaka sasa anasema hakuwahi kuona chochote, eti alidhani namwonyesha picha. Wanakwaya wananiita Mama Nne Nne, wanadhani sisikii. Baraza la wazee linataka niombe radhi Jumapili hii mbele ya usharika, na mzee ametuma watu mara mbili kudai daftari lake. Nimelifungia kabatini na ufunguo ninao mimi, silitoi mpaka yeye aniombe radhi kwanza kwa kunidhalilisha. Na zile faili zote nimeziweka pamoja, imebaki kubonyeza tu zifutike, waone kama watapata mwingine wa kuwafanyia bure.

Programu imesema ni kosa. Hesabu imesema ni kosa. Nne ni nne, Muleba ni nne na Kyela ni nne. Niambie, niombe radhi kwa kuwa sahihi, au nifute kila kitu nijitoe kwenye kwaya?

Ni mimi mwenye uchungu,
Mwalimu Teodora, Katumba Songwe.

*

Mwalimu Teodora,

Pole. Wiki tatu za likizo kwa kazi ambayo hakuna aliyekutuma, halafu malipo yake ni karatasi yako kutiwa topeni mbele ya watu. Inauma, na ungekuwa hapa ningekutengea chai kwanza. Na wewe Gwamaka, najua gazeti hili unalisoma: ulisema "rekebisha", basi simama useme kwamba ulisema. Mwanaume mzima unajificha nyuma ya mwalimu wa watu!

Pole yangu inaishia hapo, mwalimu, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimezidi kukasirika.

Nilimpa Jackson aisome. Jackson ndiye anayepanga kurasa za gazeti hili, na kanisani kwao anaiandikia kwaya nota kwa programu hiyohiyo yako. Alianza kwa kucheka, alipofika kwenye jeneza akarudi mwanzo akaisoma upya. Akaniambia hivi: juu kabisa ya faili kuna mahali unapotaja wimbo una mapigo mangapi. Ni nani aliyeandika manne pale? Ni wewe. Mzee kwenye daftari lake hakuandika popote kwamba kila kipimo ni manne, umejumlisha mwenyewe. Programu haimjui Mzee Andongwisye, wala haijui kuna msiba. Kazi yake ni kulinganisha ulichoiahidi juu na ulichokiandika chini, basi. Lile onyo lilikuwa linakukosoa wewe, ukaenda ukamkata mzee. Loh!

Halafu wewe ni mwalimu. Mwanafunzi akiandika kitu cha ajabu mara moja, utasema mkono umeteleza. Akikiandika mara nne, mahali palepale, bila kuyumba, humwiti ukamuuliza ana maana gani? Umeniandikia mwenyewe kwamba kalirudia beti zote nne, ukaweka na alama ya mshangao, na bado hukushtuka. Asifiwe akakwambia kwa mdomo wake kwamba hapo huwa mnasubiri. Ukamjibu kwa rula! Watu wazima, wenye wajukuu, umewagongea meza wiki mbili ili wasahau kitu walichokijua kabla hujafika wilayani.

Mimi nimezaliwa Matema, hukohuko Kyela, nimekulia Lyulilo, na wimbo kama huo nimetembea nyuma yake mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sikiliza nikueleze ulichokifuta. Wanaume sita wako chini ya jeneza, njia ni nyembamba, wa mbele hawawaoni wa nyuma, na hakuna anayepaza sauti kusema "geuzeni", kwa sababu juu ya maiti watu hawapigiani kelele za amri. Wanasikiliza wimbo. Nota inavutwa, wote sita wanavuta pumzi, na katika pigo hilo moja mzigo unatoka bega la kulia unaingia la kushoto. Asifiwe hajui kwa nini anasubiri kwa sababu hajawahi kuwa chini ya jeneza, kama wewe. Lakini alisubiri, na mzigo ukavuka salama miaka yote hiyo, mpaka ulipokuja na nakala zako arobaini.

Mzee naye nisimfiche. Kumnyang'anya mtu karatasi msibani si adabu, na mtu aliyehamishiwa huku na serikali hawezi kuota mambo ya kwetu akiwa usingizini. Angetia hata mstari mmoja kwenye daftari, hapa ni pa bega, yote haya yasingetokea. Alipomwona mtu mgeni anachukua nyimbo zake zote kumi na tisa, angemketisha amweleze. Hilo ni kosa lake. Ila mtu mwenye moyo mgonjwa, aliyeona jeneza la mwenzake likigonga mti kwa wimbo wake, mimi siwezi kumdai maneno laini.

Sasa hilo la daftari. Teodora! Umemfungia mzee daftari lake kabatini? Ukamwekea masharti? Kazi ya maisha yake yote, ambayo hata mafuriko yaliiachia, wewe umeifungia na kufuli? Hilo halina hesabu ya kulitetea, na ndilo litakalokufukuza kwenye kwaya hiyo kabla ya pigo lolote la tano.

Basi fanya hivi. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na siku hiyohiyo ukishalisoma fungua kabati. Funga daftari kwenye kitambaa safi, mchukue Asifiwe, nendeni kwa mzee mkiwa wawili. Kompyuta iache nyumbani. Msalimie kwa lugha yake, mugonile, upige na goti kidogo, halitavunjika. Mpe daftari mkononi kabla hujasema neno la pili. Kisha mwite baba kwa Kinyakyusa, umwambie, "Tata, nilifuta pigo lako bila kukuuliza, nimekuja unifundishe." Usitaje programu, usitaje wiki tatu, usitaje karatasi iliyotiwa topeni. Akigomba, aachwe agombe. Akimaliza, mwombe akuimbie. Na si huo mmoja tu: muulize zote kumi na tisa, upi unaimbwa watu wamekaa, upi wanatembea, wapi wanapumua, wapi wanasubiri na wanasubiri nini. Andika majibu kwenye daftari lako mwenyewe. Huenda kuna pigo lingine ulilokula bila kujua.

Ukirudi nyumbani, Jackson anasema hivi: kwenye kipimo cha saba iambie programu kwamba hapo ni mapigo matano, iamuru isichape hiyo tarakimu ili isiwachanganye wazee, na kipimo cha nane irudishe kwenye manne. Onyo litaondoka lenyewe bila wewe kumfutia mtu chochote. Kama uliweza kuifundisha solfa, hilo litakuchukua muda wa kuchemsha maharage. Na juu ya ile nota chapa neno moja kwa herufi nene, BEGA, ili mwalimu mwingine wa kutoka mbali akija asiseme angejuaje. Zile nakala arobaini zikusanye zote, hata zilizochanika, uzichome.

Jumapili simama mwenyewe bila kuitwa na baraza, sema hayohayo uliyomwambia mzee, umgeukie mjane wa Hezroni umwombe radhi kwa jina lake, ukae. Sentensi tatu zinatosha.

Mazoezi yanayofuata yasifanyike kwenye viti. Waombe wale wanaume sita waje, mfunge gunia la mpunga kwenye ngazi, walibebe mkizunguka kanisa, kwaya nyuma mnaimba. Wewe usishike rula. Omba nafasi moja ya katikati, uweke bega lako chini ya ngazi mzunguko mmoja mzima, na usiinue kidole kuhesabu. Mkifika kipimo cha saba utaelewa mambo ambayo mimi siwezi kukuandikia hapa.

Faili usifute hata moja. Kazi uliyoifanya ni kubwa na kwaya hiyo inaihitaji, ndiyo maana nimekugombeza kiasi hiki, mtu asiyejua kazi ningemwacha. Lakini mzee anaumwa, mwalimu, na amekwambia mbele ya watu kitu anachokiogopa: kuangushwa na wimbo wake mwenyewe, siku ambayo hataweza kusimama kuuliza nani amekula pigo lake. Nenda Alhamisi hiihii, wakati bado ana pumzi ya kukuimbia.

Mama Kisa