Hakuacha Hata Sega la Watoto

Baba Wanja,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friza ya bucha, maana nikikaa nitalala. Supu ya Mzee Salim inachemka. Kichwa cha mbuzi bado kama saa moja kiive, na hiyo saa ni yako.

Mtoto wako ameng'oka jino la mbele na siku hizi anasoma kila kitu, hata maandishi ya gunia la unga. Na mimi nimekulipizia kisasi. Najua hukuniomba. Wewe ulikuwa mtu wa kunyamaza halafu kuandika. Mimi siko hivyo, na ulinioa ukijua.

Ni Kevo. Rafiki yako wa studio pale mtaa wa Dallas, aliyebeba jeneza lako upande wa mbele akilia kumshinda mama yako. Udongo wa kaburi haujakauka, akatoa ule wimbo wako wa nyuki. Uliurekodi mbele yake, yeye mwenyewe akibonyeza vitufe na kutikisa kichwa. Wimbo ukapendwa, redio ikamwita aeleze maana yake. Mimi nilikuwa hapa, mwiko mkononi, nikamsikia:

"Marehemu alikuwa anaficha machozi. Huo moshi ni wa jikoni, yaani bibi yake. Nyumba baridi ni ndoa. Huyo mama alimkamua akitumia mtoto, mpaka roho ikahama. Msiseme ni pikipiki iliyomuua."

Wateja wote wakatazama vikombe vyao. Mzee Salim mwenye bucha akazima redio. "Binti yangu," akasema, "huyu kijana hajawahi kuona mzinga. Ameona asali ya chupa." Nikacheka ili nisilie.

Lakini maneno yana miguu. Kanisani kina mama wakaanza kunisalimia kwa ncha za vidole. Mama yako akapiga simu kutoka kule chini Mbeere, ati nimpeleke Wanja akae kwake "mpaka mambo yajulikane." Halafu Wanja akatoka shule, akavua viatu polepole, akaniuliza, "Mama, ni wewe ulifanya Baba ahame?"

Hapo ndipo nilipojifunga mkanda.

Kwa sababu mimi nilikuwepo, Baba Wanja. Ile jioni uliingia na uso kama majivu. Ulikuwa umesikia mistari yako ndani ya wimbo mwingine wa Kevo, mistari ambayo hata hujaimaliza, ameitoa kwa daftari ulilosahau kwenye kochi lake. Ukakaa juu ya dumu la maji, ukanieleza vile baba yako alikufundisha kurina asali. Unaingia na moshi kwa upole. Unachukua asali, lakini nyingine unawaachia wenyewe wale. Sega lenye watoto wa nyuki huligusi kabisa. Ukilitoa, nyuki wanahama na mzinga unabaki baridi. Kisha ukavuta daftari la hesabu la Wanja, ukaandika nyuma:

*Alikuja na moshi, nikadhani tunaota moto.
Akarina yote, hakuacha hata sega la watoto.
Sasa nyumba ni baridi, nyuki wamehama,
na bado analamba vidole, analaumu mvua.*

Nikakwambia, si umwambie usoni? Ukasema, "Nimeshamwambia. Ataimba mwenyewe."

Basi nikampandisha Wanja gari tukashuka kwenu. Sikubishana na mama yako. Niliwaeleza ile jioni na lile daftari la kwenye kochi, nikaweka simu mezani, nikacheza wimbo. Baba yako akasema urudiwe. Aliposikia lile sega, akagonga fimbo chini. "Mtoto wangu aliibiwa," akasema. "Na mwizi ndiye anatangaza." Mama yako akajifunika uso kwa leso. Hakuniomba msamaha, lakini alinifungia maharagwe ya kurudi nayo, na wewe unamjua mama yako.

Jumamosi Kevo alikuwa na onyesho la kukukumbuka. Alinitumia ujumbe nije na nguo nyeusi, nikae mbele, ili *anisamehe* mbele ya watu. Anisamehe! Nikajibu, "Asante, nitakuja na wazee." Nilivaa ile nguo ya maua uliyoipenda. Nilikuja na baba yako na wazee wenzake watano, warina asali wote, wakajaza mstari wa mbele na makoti yao mazito.

Kevo akaimba. Mikono juu, ukumbi mzima unaimba naye. Akimaliza akanyoosha mkono kwangu kama pasta. Baba yako akainuka kabla yangu, akaomba maikrofoni.

"Kijana, umeimba vizuri. Sasa niambie. Ukienda kurina, huwa unaacha sega ngapi?"

Kevo akacheka na watu wake. "Mimi, guka, babu yangu? Siachi kitu! Nabeba zote!"

Wale wazee hawakucheka. Mmoja akasema "Ii!" kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Ndipo nikachukua maikrofoni, Baba Wanja. Nikainua daftari la hesabu. Nikasoma mistari minne, na baada ya kila mstari nikasema ni nini na ni nani. Moshi. Sega la watoto. Daftari la kwenye kochi. Nilipofika kwenye vidole, Kevo alikuwa ameficha vyake mfukoni. Kina mama wa kanisa walikuwepo. Wanja alikuwepo, amesimama juu ya kiti, haulizi tena.

Watu wananiambia nimsamehe, ni kijana. Hapana. Wala simshtaki, wala simlaani. Wimbo ndio huo watu wanautaka, na kila atakaposimama popote ataambiwa auimbe, na kila mtu anajua unamwimba nani. Jana alipita hapa kwenye bucha na miwani nyeusi. Mafundi wa pikipiki wakampigia kelele, "Kevo! Umeacha ngapi?" Nikakoroga supu yangu. Ilikuwa tamu kuliko siku zote.

Mbuzi ameiva, naitwa. Pumzika, mwenzangu. Hii kazi ilikuwa yangu.

Chini ya ile mistari minne uliacha mwingine umekatika katikati: *"Wanja akikua, mwambieni"*. Hapo tu. Wengi wameniomba waumalizie. Nimekunja hilo daftari ndani ya shali niliyokuwa nikimbebea Wanja mgongoni, na nakuahidi hakuna mkono utakaoligusa mpaka mwenyewe aje kuliomba. Hilo ni sega la mtoto.

Mama Wanja