Hanki ya Mama imeenda na mfadhili

Monicah, mfadhili ameenda na hanki ya marehemu Mama! Ile aliyoishika siku ya mwisho.

Nilikuwa Oyugis kwa hii kazi mpya ya wakfu, nampiga picha huyo mfadhili akihutubia wazazi. Kamasi ikaanza kumteremka. Miaka tisa ya kufundisha chekechea, Monicah! Mkono ukaenda wenyewe na hanki. Nikamshika kichwa, nikamwambia, "Penga."

Akapenga! Mzee mzima na suti yake!

Nikasema, "Bado upande huu." Akapenga tena, akashukuru, akatia hanki mfukoni. Wazazi wakapiga makofi.

Nimemwomba bosi wangu, Chrispine, ampigie airudishe. Ameniuliza, "Madam, unataka kazi ama hanki?"

Hanki.

Sasa anampigia. Namsikia: "Hapana, mheshimiwa, hata kama haijafuliwa."