Shingo Iliyogeuka Misani

Ushirombo

Wifi yangu Martina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mahindi yamebeba, na mama yetu anakusalimu.

Pikipiki iliyonipakia ilipogongwa nyuma sikuanguka, ila kesho yake shingo ilikakamaa. Mama akataka mkandaji aivute kwa samli. Nikakataa, nikaifunga kanga, nikalala bila kuigeuza. Kumbe nami nilikosea!

Maumivu yalipozidi nikaenda zahanati, daktari akacheka. "Mama Noela, mifupa ni mizima, misuli ndiyo imevutika. Fungua kanga, uigeuze shingo taratibu kila siku."

Niliigeuza nikilia, nikiogopa nitabaki hivyo hivyo. Jumapili, padri aliposema tutakiane amani, nikageuka mpaka nikawaona wa benchi la nyuma! Mama akapiga kigelegele, padri mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka.

Wifi yako mwenye shingo,
Mama Noela